Umeweka bondi mali yako na duka linakupiga danadana? Mwongozo kamili, kuanzia kaunta hadi mahakama ya mwanzo

Watu wengi huingia duka la rehani kwa kuvizia. Anaangalia kushoto na kulia kama kuna jirani, akifika kaunta anashusha sauti, anataka pesa itoke haraka aondoke. Wenye maduka wanalijua hilo vizuri sana, na huduma mbovu nyingi inaota hapo hapo. Mteja mwenye aibu haulizi riba, hasomi fomu, hadai risiti yenye maelezo, na akijibiwa kwa ukali ananyamaza asije akaaibika mbele ya foleni. Kwa hiyo jambo la kwanza kabla ya hatua yoyote: inua kichwa. Umeacha pale mali yenye thamani kubwa kuliko pesa uliyopewa, na juu yake unalipa riba. Hujasaidiwa na mtu.

Mwongozo huu ni wa Tanzania Bara, kwa anayeweka bondi simu, laptopu, televisheni, dhahabu au pikipiki. Kama mali imeshakwama na unatafuta pa kushika, ruka mpaka hatua ya nne, ila soma kwanza kipande kinachofuata.

Mali bado ni yako

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inaitambua rehani ya vitu vinavyohamishika, na inampa mweka rehani haki ambazo wahudumu wengi wa kaunta hawajawahi kuzisikia. Mwenye duka anashikilia tu, umiliki haujahama. Anatakiwa aitunze mali yako kwa uangalifu ule ule ambao mtu mwenye busara angetunza ya kwake, na haruhusiwi kuitumia bila ridhaa yako. Kama mhudumu anapiga picha za selfi kwa simu yako na kioo kikapasuka, hasara ni ya duka.

Muda ukipita hujalipa, duka lina haki ya kuuza, lakini baada ya kukupa taarifa kwa muda unaoridhisha. Na hata siku zikiwa zimepita, bado unaweza kukomboa mpaka dakika ambayo mali inauzwa kweli, ukilipa deni pamoja na gharama zilizosababishwa na kuchelewa kwako. Ile kauli ya "tarehe imepita, hiyo si yako tena" haina miguu kama mali bado iko rafuni.

Halafu kuna hili ambalo karibu hakuna anayelidai: chenji. Mali ikiuzwa kwa bei inayozidi deni, kinachobaki ni chako. Tuseme ulichukua laki mbili, riba ya miezi miwili imefika 14,000, gharama za kuuza 10,000, na simu imeuzwa 380,000. Duka linachukua 224,000. Shilingi 156,000 zinarudi kwako. Ila ujue inakata pande zote mbili, maana ikiuzwa kwa bei ya chini ya deni, unaweza kudaiwa tofauti.

Hatua ya 1: Lichunguze duka kabla shida haijakubana

Anayekopesha pesa kama biashara, hata kama ni mtu mmoja kwenye fremu ya futi kumi, yuko chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 na anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania (BoT), daraja la pili, yaani la wakopeshaji wasiopokea amana. Leseni ya biashara ya halmashauri ni kitu kingine na haitoshi peke yake. Angalia ukutani. Usipoiona, uliza, na jina utakalopewa litafute kwenye orodha ya watoa huduma wenye leseni kwenye tovuti ya BoT. Duka lisilo na leseni linaweza kuwa na wahudumu wapole kuliko wote mjini, lakini siku mambo yakiharibika utakuwa na ngazi moja pungufu ya kupanda.

Riba: ukomo uliowekwa na Benki Kuu kwa wakopeshaji wa daraja hili ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki mbili ni shilingi 7,000. Ukisikia asilimia 20 au 30 kwa mwezi, na utasikia, ujue unaongea na kausha damu. Wajanja zaidi hawaitaji riba kubwa. Wanaigawa vipande vipande: ada ya fomu, ada ya kuhifadhi, ada ya tathmini. Dawa yake ni swali moja, liulize hivi hivi lilivyo: "Nikichukua laki mbili leo, nikija tarehe 15 mwezi ujao kukomboa, natoa shilingi ngapi jumla, na hakuna nyingine juu yake?" Kisha omba hiyo jumla iandikwe kwenye risiti. Anayekataa kuiandika ameshakujibu.

Hatua ya 2: Kaunta, mahali unaposhinda au kushindwa kesi

Mali bila daftari huisha bila habari, na hapa daftari ni risiti. Nimeona risiti za rehani zilizoandikwa "simu nyeusi 1" basi. Siku ya kukomboa ukipewa simu nyeusi nyingine yenye kioo kilichochorwa, utabishana na nini?

Risiti inayoweza kukulinda ina jina la duka na mhuri, jina lako kamili, kiasi ulichopewa mkononi (si kile kilichoandikwa kabla ya makato), riba, jumla ya kukomboa, tarehe ya mwisho, na maelezo ya mali yanayoitofautisha na nyingine zote duniani. Kwa simu piga *#06#, namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu hiyo, itatokea kwenye kioo. Iandikwe kwenye risiti. Laptopu na televisheni zina namba ya utambulisho ya kiwandani, yaani serial, kwenye stika ya nyuma au chini. Chaja, rimoti, begi na kebo navyo viandikwe kimoja kimoja. Televisheni kurudi bila rimoti ni malalamiko ya kila siku, na jibu huwa lile lile: "Ulileta bila rimoti, mama."

Piga picha na video fupi pale pale kaunta, mhudumu akiwa anaona. Washa kifaa, onyesha kioo kikiwa kizima, zungusha pembe zote, sogeza kamera mpaka namba ya IMEI isomeke, malizia na risiti. Hiyo video ijitumie WhatsApp au kwa ndugu unayemwamini, maana ukiiacha kwenye simu unayoiweka bondi itabaki dukani. Utacheka, lakini watu hufanya hivyo.

Simu na laptopu zina jambo la ziada, nalo ni maisha yako yaliyomo ndani. Toa laini na memori kadi. Hamisha picha. Toka kwenye programu za benki na za pesa za simu, kisha rudisha kifaa kama kilivyotoka kiwandani. Duka litataka kuona kwamba simu haijafungwa na akaunti yako, na hilo ni ombi la haki kwa sababu simu iliyofungwa haiuziki. Lakini neno la siri la akaunti usimpe mtu. Ondoa akaunti mwenyewe.

Dhahabu inataka macho mawili. Tafuta mhuri mdogo ndani ya pete au karibu na kifungio cha mkufu: 375 ni karati 9, 585 ni karati 14, 750 ni karati 18, 875 ni karati 21, 916 ni karati 22. Pima uzito kwa sonara mwingine kabla hujaenda. Dukani, hakikisha mizani ina stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka husika, inaanza kwenye sifuri, na kioo chake kimeelekea kwako. Kwenye risiti iandikwe gramu na karati, pamoja na alama yoyote ya pekee: jiwe lililolegea, herufi zilizochorwa, pingili iliyowahi kuungwa. "Cheni ya dhahabu 1" ni mwaliko wa kubadilishiwa.

Sasa mtego mkubwa kuliko yote, hasa kwa pikipiki, gari na kiwanja. Unaletewa karatasi mbili. Moja ni fomu ya mkopo. Nyingine imeandikwa juu "Mkataba wa Mauziano", bei imeachwa wazi au imejazwa kiasi kile kile unachokopa, na unaambiwa, "Hii ni utaratibu tu, kaka, saini hapa na hapa." Ukisaini, siku ukichelewa duka halitasema limeuza rehani, litasema wewe ulishaliuzia tangu siku ya kwanza. Chenji yako imekufa, taarifa haipo, haki ya kukomboa nayo mtabishania mahakamani. Usisaini mauziano kama unakopa. Usisaini karatasi yoyote yenye nafasi wazi. Ukibanwa kabisa, chora mstari kwenye nafasi hizo, piga picha kila ukurasa, na fahamu kwamba unaingia kwa hatari. Kadi ya benki na namba yake ya siri navyo si vya kuweka bondi, hata anayeomba akiwa rafiki wa mumeo.

Hatua ya 3: Mali ikiwa kwao

Kila rejesho lilipwe kwa njia inayoacha alama. Lipa namba yenye jina la duka ni bora kuliko namba binafsi ya mhudumu. Ukilazimika kutumia taslimu, usitoke bila risiti. Ukiona hutafika tarehe, usisubiri ipite. Nenda au andika siku kadhaa kabla, omba kuongezewa muda, na makubaliano yaandikwe nyuma ya risiti yakiwa na saini na mhuri. Ahadi ya mdomo ya "usijali dada, tutakuvumilia" hupotea siku mhudumu anapobadilishwa, na kwenye maduka haya wahudumu hubadilishwa kama madaladala.

Hatua ya 4: Umeenda kukomboa, mambo hayaendi

Matatizo ya siku hii hayafanani, na kila moja lina namna yake.

La kawaida kabisa ni "njoo kesho". Stoo imefungwa, bosi ana funguo, bosi yuko msibani Moshi. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine wanasubiri tarehe ipite, au mali iko mikononi mwa mtu mwingine. Wewe huna namna ya kujua, kwa hiyo fanya kinachofaa kwa hali zote mbili: acha ushahidi kwamba ulifika na pesa kamili ndani ya muda. Ukiwa bado umesimama kaunta, tuma ujumbe kwa namba ya duka: "Habari. Niko dukani kwenu sasa hivi, Ijumaa saa 5:20 asubuhi, nina 207,000 kamili kukomboa simu, risiti namba fulani. Nimeambiwa funguo hazipo. Naomba mniambie nirudi saa ngapi." Piga picha ya kaunta au bango la nje. Sheria iko upande wako hapa: anayeshikilia mali akishindwa kuirudisha kwa wakati kwa kosa lake, hasara yoyote itakayoipata kuanzia hapo ni juu yake.

Maongezi yenyewe yaende kwa upole usiolegea.

"Dada, habari za kazi. Nimekuja kukomboa, risiti hii hapa."

"Bosi hayupo. Rudi wiki ijayo."

"Sawa, nimekuelewa. Naomba uniandikie hapa nyuma ya risiti kwamba nimefika leo na pesa yote, uweke na saini. Na namba ya bosi naomba."

"Mimi siruhusiwi kuandika chochote."

"Basi hakuna shida, namtumia ujumbe mwenyewe. Jina lako nani, dada, nisije nikakuchanganya na mwenzako?"

Ona kwamba hakuna tusi wala kelele, na mhudumu hakulaumiwa. Mara nyingi huyo binti analipwa kidogo na amekatazwa kuamua lolote. Ukimgombeza unapoteza shahidi anayeweza kukusaidia baadaye. Lakini jina lake unalo, muda unao.

Wakikutajia jumla kubwa kuliko ile ya kwenye risiti, omba mchanganuo wa maandishi: mkopo kiasi gani, riba kiasi gani, na nini kingine. Kama unaihitaji mali haraka, unaweza kulipa huku umeandika kwenye nakala ya risiti "Nimelipa kwa kupinga nyongeza ya shilingi kadhaa", ukachukua mali, ukadai nyongeza baadaye. Kwa maoni yangu hiyo ni bora kuliko kuiacha simu kwao wiki nyingine mbili mkibishania elfu kumi na tano.

Mali ikirudi imeharibika au imebadilishwa, usiondoke nayo kimya. Washa hapo hapo, piga *#06#, linganisha na risiti, pima dhahabu tena kwenye mizani ile ile. Ukishavuka mlango watasema umeiangusha njiani. Betri iliyokufa kwa kukaa miezi bila kuchajiwa ni ngumu kuidai. Kioo kilichopasuka ambacho kwenye video yako ni kizima, dai bila wasiwasi.

Wakikuambia imeuzwa, uliza maswali matatu na uandike majibu: iliuzwa tarehe gani, kwa shilingi ngapi, na taarifa ya kuuza mlinitumia lini na kwa njia gani. Mara nyingi swali la pili ndilo linalobadilisha sura za watu kaunta.

Hatua ya 5: Andika barua

Malalamiko ya mdomo hayapo. Barua moja fupi, nakala mbili, moja wagonge mhuri na tarehe ya kupokea ubaki nayo. Wakikataa kupokea, itume kwa WhatsApp na baruapepe, uhifadhi alama za kufika. Mfano:

*Kwa Meneja,*
*(Jina la duka na mahali lilipo)*

*YAH: KUTORUDISHIWA LAPTOPU NILIYOWEKA DHAMANA, RISITI NA. ____*

*Tarehe ____ niliweka dhamana laptopu (aina, serial) na kupokea Sh 300,000. Jumla ya kukomboa iliyoandikwa kwenye risiti ni Sh 310,500 na tarehe ya mwisho ni ____.*

*Tarehe ____ saa ____ nilifika dukani nikiwa na fedha zote. Mhudumu (jina) alinieleza kuwa stoo imefungwa. Nilirudi tarehe ____ nikapewa jibu hilo hilo.*

*Naomba nirudishiwe laptopu pamoja na chaja yake ndani ya siku 7 kuanzia leo, na nisitozwe riba ya siku ambazo ucheleweshaji ulikuwa wa duka. Nisipojibiwa, nitawasilisha malalamiko Benki Kuu ya Tanzania.*

*Nimeambatanisha nakala ya risiti, picha na ujumbe niliotuma.*

*(Jina, saini, namba ya simu)*

Usiongeze hadithi ya mtoto aliyeumwa wala jinsi ulivyotukanwa kwa mafumbo. Kama ulitukanwa, andika maneno yenyewe na nani alisema. Ombi liwe moja, linaloweza kutekelezwa.

Kuhusu kumwanika mtu Instagram: najua inashawishi. Lakini ukirusha picha ya mhudumu na neno "wezi" kabla hujathibitisha kitu, unaweza kujikuta wewe ndiye unayejieleza, kwa sababu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu kusambaza taarifa za uongo. Upande wa pili, duka likitangaza deni lako kwa majirani au kuwatumia ujumbe watu wa kwenye simu yako, hapo una silaha: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na tume yake inapokea malalamiko.

Hatua ya 6: Panda ngazi

Siku ulizotoa zikiisha bila jibu, peleka Benki Kuu. Ina makao makuu Dodoma na ofisi Dar es Salaam, Arusha, Mwanza, Mbeya, Mtwara na Zanzibar, na inashughulikia malalamiko ya watumiaji wa huduma za fedha chini ya kanuni za mwaka 2019. Watakuuliza kwanza kama ulilalamika kwa mtoa huduma mwenyewe, ndiyo maana barua ya hatua ya tano ni lazima iwe na mhuri au alama ya kufika. Kama duka halina leseni, sema hivyo waziwazi; kukopesha bila leseni ni kosa, na taarifa ya aina hiyo huwafikia watu tofauti na wanaopatanisha malalamiko ya kawaida.

Sambamba na hapo, usiidharau ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti au mtendaji hana mamlaka ya kuamua riba, lakini wito wake wenye mhuri humtoa bosi aliyekuwa "msibani" ndani ya siku moja, na mkikubaliana pale maandishi yake yanakuwa ushahidi mzuri. Afisa biashara wa halmashauri naye anaijua leseni ya hilo duka.

Polisi wana kazi pale tu inaponuka jinai: mali imebadilishwa, imeuzwa kabla ya tarehe, duka limefungwa na mwenyewe haonekani, au wanakana kwamba waliwahi kukupokea. Jiandae kuambiwa "hiyo ni kesi ya madai, nenda mahakamani". Sisitiza kwa utulivu kitendo chenyewe, sio deni, na uondoke na namba ya RB, yaani ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi.

Mwisho ni mahakama ya mwanzo ya eneo duka lilipo. Huhitaji wakili, karani atakuelekeza namna ya kufungua madai na ada yake. Ukitaka wa kukupitia karatasi kwanza bila malipo, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kina msaada wa kisheria, na wasaidizi wa kisheria wapo wilaya nyingi. Beba risiti halisi na nakala, video, ujumbe, barua iliyopokelewa, majibu ya Benki Kuu kama yapo, na shahidi aliyekuwepo siku unakataliwa. Beba pia uthibitisho wa thamani ya mali, kitu ambacho wengi husahau: maandishi ya bei ya kifaa kama chako, kilichotumika, kutoka maduka mawili au matatu ya mtaani kwako au Kariakoo, yenye mhuri na tarehe. Bila hayo, hakimu akiuliza simu ilikuwa ya shilingi ngapi, bei pekee mezani itakuwa ile iliyotajwa na duka.